Alpha Funguo: Boti ya uvuvi iliyogeuzwa mwamba Diani

Ukiipima na vyombo vingine vilivyolala chini ya bahari yetu, MFV Alpha Funguo ni kitu kidogo sana. Urefu wake ni mita 15. Mbele ya Fort Jesus, Mombasa, yapo mabaki ya manowari ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mwaka 1697 wakati Waomani walipokuwa wameizingira ngome ile. Kwenye bandari ya Unguja iko HMS Pegasus ya Waingereza, iliyopigwa mizinga na manowari ya Kijerumani Königsberg asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914. Jirani yake imelala Great Northern, meli ya kutandaza nyaya za mawasiliano, iliyozama katika mkesha wa mwaka mpya wa 1902. Hizo zina vita ndani yake, zina wafalme na makamanda, na watu wameziandikia vitabu.

Alpha Funguo haina lolote kati ya hayo. Ni boti ya kuvulia samaki iliyomaliza kazi yake, ikazamishwa kwa makusudi nje ya mwamba wa Diani, Kaunti ya Kwale, ikatulia kwenye kina cha mita 28. Waliofanya hivyo walitaka samaki wapate pa kukaa na wazamiaji wapate cha kutazama.

Neno la kushika hapo ni makusudi. Chombo kilichozama kwa dhoruba au kwa mzinga hakuna aliyekichagulia mahali, na hakuna wa kuulizwa kwa nini kiko pale. Kinachozamishwa kwa kupenda kina wenyewe. Mtu alikaa akapima kina, akachagua tarehe na kuamua chombo kilale wapi. Basi ni haki kumuuliza: samaki watakaojaa humo ni wa nani? Swali hilo huwa haliulizwi, kwa sababu picha za chini ya maji ni nzuri na kila mtu anafurahi.

Tuanze na hiyo furaha, maana ni ya kweli.

Diani ina bahati ya umbo. Mwamba wa matumbawe umejipanga sambamba na ufuko, na kati yake na mchanga kuna maji mafupi ambayo bamvua ikitoka unaweza kutembea sehemu kubwa kwa miguu, ukiwapita wanawake wanaotafuta pweza na watalii wanaotafuta picha. Nje ya mwamba ni ulimwengu mwingine. Boti hupenya mlangoni, ule uwazi ambao wavuvi huupitia alfajiri, na mara tu inapotokea upande wa pili wimbi hubadilika: yale mapovu mafupi ya ndani yanaisha, unaanza kuinuliwa na kushushwa taratibu na maji mazito ya bahari kuu. Wakati wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi, safari hiyo huwa ya raha na maji huwa maangavu. Kusi likishika, kuanzia Aprili na kuendelea, mlangoni huchafuka, maji yanakuwa na ukungu, na vituo vingi vya kuzamia hupunguza kazi. Mzamiaji mwenye hekima hutazama mwezi vilevile, kwa kuwa maji mafu yana mkondo mpole kuliko bamvua.

Juu ya boti iliyozama huoni kitu. Bahari ni ileile. Unavaa koti la kuelea lenye mtungi mgongoni, unafunga risasi kiunoni, unaweka mdomo wa kupumulia, unakaa ukingoni na kujiangusha kinyumenyume. Kisha unashuka ukifuata kamba, pole pole, ukibana pua na kupuliza kila baada ya mita moja au mbili ili masikio yafunguke. Asiyefanya hivyo atajua maumivu kabla hajafika mita tano.

Rangi zinaondoka moja moja. Nyekundu hutangulia, imekwisha kabla ya kufika mita kumi au karibu na hapo. Machungwa hufuata, halafu njano. Ukijikata kidole kwenye chuma chini kule, damu inayotoka huiona ya kijani kibichi kinachoelekea weusi, na wanaoiona kwa mara ya kwanza hushtuka kuliko maumivu yenyewe yanavyostahili. Kwenye mita 28 kila kitu ni cha buluu iliyochanganyika na kijivu. Ndiyo maana wageni wengi wakifika kwenye chombo kilichozama wanahisi wamedanganywa. Walitarajia bustani, wanaona chuma kilichofunikwa na kitu kama udongo.

Washa tochi. Elekeza mwanga kwenye ukingo wowote wa chuma uliokaa baharini miaka mingi, usogee mpaka ubaki umbali wa mkono. Ule udongo unakuwa sponji ya rangi ya machungwa makali, imekaa juu ya maganda ya chaza yaliyopandana hata huwezi kujua chuma kinaanzia wapi. Kati ya maganda wamesimama viumbe wadogo kama chupa za kioo, kila mmoja na matundu mawili: moja la kuvutia maji, jingine la kuyatoa. Wasogezee kidole bila kuwagusa, wanajifunga. Kwenye pembe yenye giza mkunga ametoa kichwa nje, mdomo wazi. Watu hudhani anatisha. Anapumua tu, hana namna nyingine ya kusukuma maji kwenye matamvua yake. Ukimvumilia dakika mbili, unaweza kumwona kamba mdogo mwenye milia myekundu na myeupe akiingia mdomoni mwake, akichokoa mabaki ya chakula katikati ya meno, akatoka salama. Ndicho chakula cha kamba yule kila siku, na mkunga anapata usafi.

Dakika mbili hizo si rahisi kuzitoa, kwa sababu kule chini muda unahesabiwa. Kila mita kumi za maji zinaongeza uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 28 mwili wako unabanwa karibu mara nne kuliko ukiwa ufukweni, na kila pumzi inavuta hewa karibu mara nne. Chukua mtungi wa kawaida wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200: hizo ni lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu anayetumia lita 20 kwa dakika juu, chini kule anatumia zaidi ya 75. Ukiacha akiba ya baa 50, ambayo hakuna kiongozi wa maana atakayekuruhusu kuigusa, unabaki na dakika ishirini na kitu. Na hata ungekuwa na mtungi mkubwa zaidi, nitrojeni inayoingia kwenye damu inaweka mpaka wake: jedwali la kuzamia linalofundishwa duniani kote linakupa dakika 20 kwa kina cha kuelekea mita 30, ukipitisha huwezi tena kupanda moja kwa moja bila kusimama njiani. Hata wasiopitisha husimama dakika tatu kwenye mita tano kabla ya kutoka.

Kwa hiyo Alpha Funguo si boti ya mwanafunzi wa wiki moja. Cheti cha kwanza kinaishia mita 18. Cha pili kinakufikisha 30. Kuna pia jambo ambalo matangazo ya hoteli hayalisemi: kuanzia kina hicho nitrojeni inaanza kulewesha, wengine wanachangamka kupita kiasi, wengine wanasoma kipimo cha hewa bila kukielewa. Kuingia ndani ya chombo bila mafunzo yake ni ujinga uliovaa mapezi. Tope lililotulia sakafuni huinuka kwa teke moja, na mlango uliouona sasa hivi unapotea. Chukua kisu kidogo vilevile. Nyuzi za mishipi zilizonasa kwenye chuma hazionekani mpaka zikushike mguu.

Hizo nyuzi nitazirudia.

Inakuwaje chuma kitupu kinageuka makao? Mwanzo ni utando wa bakteria usioonekana kwa macho, unaoanza kujijenga ndani ya siku za mwanzo. Juu yake hushika mwani, halafu viluwiluwi vya chaza na vya wanyama wengine wa magamba ambao katika utoto wao huelea na mkondo wakitafuta mahali pagumu pa kujibandika. Mchanga hauwafai. Sponji na matumbawe laini huja baadaye. Matumbawe magumu, yale yanayojenga mwamba wa kweli, huchelewa kuliko wote, na kwenye kina chenye mwanga hafifu hukua kwa uvivu. Samaki hawangoji yote hayo. Wao hufika ndani ya siku, pengine saa, kwa sababu wanachotafuta kwanza ni kivuli na kona ya kujibanza. Chewa huchagua tundu lake na kulilinda. Changu hukaa kwa makundi upande uliokingwa na mkondo. Kolekole huja na kuondoka, wakiwinda wale wadogo waliojaa ndani.

Si kila chombo kinafaa. Mafundi wa majahazi walijua tangu zamani kwamba mbao ikiachwa baharini bila dawa inaliwa. Ndiyo sababu chombo kilipandishwa ufukweni, kikachomwa chini kwa moto wa makuti na kupakwa shahamu, na mbao za juu zikapakwa sifa ya mafuta ya papa ambayo harufu yake hukaa puani siku nzima. Adui ni yule chaza mwembamba kama mnyoo anayetoboa mbao kutoka ndani, na chini ya bahari hakuna wa kupaka dawa. Boti ya mbao ni karamu ya miaka michache. Ya fibaglasi haiozi, lakini ikivunjika inaacha vipande visivyokwisha. Chuma ndicho kinachodumu kwa heshima: maji ya bahari hukila, kwa wastani, kama sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka.

Nacho kinahitaji kuoshwa kabla ya kuzamishwa. Mafuta yote hutolewa kwenye matangi na kwenye mabomba, injini husafishwa au hung'olewa, nyaya hutolewa, rangi zenye sumu hukwanguliwa, plastiki na nyavu haziachwi, milango hutolewa bawabani na kuta hukatwa matundu makubwa ili mzamiaji asinaswe na maji yapite. Mahali huchaguliwa mchangani, mbali na matumbawe hai. Hiyo ni kazi ya wiki nyingi na ya gharama. Kuzamisha kwenyewe ni kufungulia maji yaingie na kusubiri. Kila mahali ambapo mambo yameharibika, walipunguza ile kazi ya kwanza.

Mfano unaotajwa zaidi uko Florida. Mwaka 1972, nje ya mji wa Fort Lauderdale, walitupa baharini matairi yapatayo milioni mbili yaliyofungwa kwa mafungu, wakasema wanajenga mwamba wa Osborne. Vifungo vikakatika. Matairi yakawa yanabiringika kila dhoruba inapopita, yakagonga mwamba wa asili uliokuwa jirani na kuua matumbawe yaliyokuwapo kabla yao. Kuanzia mwaka 2007 wazamiaji wa jeshi la Marekani walipelekwa kuyatoa. Hakuna samaki wa maana aliyewahi kuhamia ndani ya tairi linalotembea.

Mfano wa pili hautajwi sana, nao unatugusa zaidi kwa kuwa ni wa boti ya uvuvi. Mwaka 1991 boti ya Taiwan ya kuvulia kwa mishipi mirefu ilikwama kwenye kisiwa cha Palmyra, katikati ya Pasifiki, ikaachwa pale. Miaka ikapita. Watafiti waliporudi walikuta mnyama laini wa jamii ya karibu na matumbawe ametanda kuizunguka, akifunika matumbawe hai na kuyaua, na kadiri walivyosogelea boti ndivyo alivyozidi kuwa mwingi. Maji ya visiwa vile vya mbali yana madini ya chuma kidogo mno. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kutu ya boti ilikuwa mbolea yake. Mabaki hayo yaliondolewa mwishoni mwa mwaka 2013. Pwani yetu inapokea mito na udongo mwekundu kila masika, kwa hiyo sitarajii Palmyra itokee Kwale. Lakini anayesema chuma baharini hakina madhara popote, aisome habari hiyo kwanza.

Mauritius wametuonyesha upande wa afadhali. Huko, mwaka 1987, chama cha kuhifadhi bahari cha nchi hiyo kilizamisha Stella Maru, boti ya uvuvi ya Kijapani, karibu na Trou aux Biches, kwenye maji yasiyofika mita 30. Ililala ubavu. Baadaye kimbunga kikaisimamisha wima, na wima ndivyo wazamiaji wanavyoikuta. Watu hulisimulia hilo kama kichekesho. Mimi linanifanya nifikirie: kama bahari inaweza kuinua boti nzima iliyojaa maji na kuigeuza, basi kina na uzito si mambo ya kukisia. Kenya iko karibu na ikweta na vimbunga huipita mbali, ndiyo, lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na Mafia si mbali hivyo.

Sasa turudi kwenye mishipi.

Nyuzi zilizonasa kwenye chombo kilichozama ni ushahidi kwamba wavuvi wanajua kilipo. Wangekosaje kujua? Watu wa pwani hii wamevua juu ya vyombo vilivyozama tangu enzi za babu zao, na leo simu ya mkononi inashika alama ya mahali kwa usahihi wa mita chache. Mvuvi akishusha mshipi hapo na kupandisha chewa wawili wakubwa kwa asubuhi moja, hajavunja sheria yoyote na hajamwibia mtu. Ila chewa ni samaki wa kukaa tundu moja. Akitolewa yeye, basi tundu lile lilimvuta tu kutoka mwamba wa jirani ili apatikane kwa urahisi. Boti imegeuka mtego.

Wanasayansi wameubishania mtego huu kwa miongo kadhaa: je, mwamba wa kutengenezwa unaongeza samaki, au unawahamisha tu walioko na kuwaweka mahali pamoja? Mwaka 1989 Mmarekani James Bohnsack aliandika makala ambayo bado inanukuliwa. Kwa ufupi, alisema kwamba makao mapya yanaongeza samaki pale ambapo kilichopungua ni makao. Pale ambapo kilichopungua ni samaki wenyewe kwa kuvuliwa mno, na miamba ya asili iko jirani, makao mapya kwa sehemu kubwa yanavuta tu waliobaki.

Diani ni ipi kati ya hizo mbili? Ukweli hautawafurahisha wauza tiketi. Mwamba wake wa asili ni mrefu, na umevuliwa kwa nguvu miaka mingi. Tim McClanahan, ambaye ameichunguza miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, ameonyesha dalili zake: panapovuliwa sana vikande hupotea, na vikande vikipotea, wale viumbe weusi wa miiba wanaowachoma waogeleaji miguuni huzaliana bila adui na kuukwangua mwamba. Kwa hesabu ya Bohnsack, Diani haina uhaba wa nyumba, ina uhaba wa wapangaji.

Hesabu hiyo ina doa moja, nalo ni joto. El Niño ya mwaka 1998 iliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, na tangu hapo yaliyobaki yamepauka tena na tena. Aprili 2024 ilitangazwa kwamba dunia imo katika wimbi la nne la kupauka kwa matumbawe, na Bahari ya Hindi ya Magharibi ilikuwamo. Tumbawe lililokufa humomonyoka na kuwa kokoto, na kokoto haina tundu. Kwa hiyo hata nyumba zinapungua. Ndiyo maana siwezi kusema boti ya chuma haina kazi. Wanakijiji wa Mkwiro na Wasini, upande wa Shimoni, wanafanya jambo la subira zaidi: wanaweka vizimba vya chuma chini ya maji na kuvipandikiza vipande vya matumbawe hai kimoja kimoja, wakirudi kuvisafisha. Kazi hiyo haipigi picha nzuri kama chombo kizima kilichosimama gizani, lakini inarudisha matumbawe yenyewe, na boti haiwezi kufanya hivyo kwa kusubiri.

Lililobaki ni la watu, na hapa pwani ya Kenya ina masomo mawili ambayo hatuhitaji kuyatafuta ng'ambo. Mwaka 1995 serikali ilitangaza hifadhi ya bahari ya Diani-Chale. Kwenye gazeti rasmi ilikuwapo, baharini haikuwapo: wavuvi waliikataa, kwa kuwa waliona ni njia ya kuwanyang'anya maji yao na kuwapa wenye hoteli, na haikusimamiwa ipasavyo. Mwongo mmoja baadaye, Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe walikaa na wazee na majirani zao wakatenga hekta kama 30 zisivuliwe. Wakaziita tengefu. Samaki walirudi, na wavuvi wakawa wanavua wale wanaomwagikia nje ya mpaka. Mwaka 2017 kazi hiyo ilipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Bahari ni moja na samaki ni walewale. Waliokaa kwenye kikao ndio tofauti.

Chombo kilichozamishwa ni tengefu rahisi kuliko zote. Hakiombi hekta 30. Kinahitaji duara dogo kukizunguka, na duara hilo lilikuwa mchanga mtupu ambao mvuvi hakuutegemea kabla. Hakuna anayepoteza mahali pa babu yake. Kikundi cha Usimamizi wa Ufuko, BMU, kina nguvu ya kisheria ya kukubaliana mipaka na kusimamia. Kila mzamiaji analipa ada kwa kituo. Sehemu ya ada hiyo ikienda BMU, mvuvi ana sababu ya kulinda chewa ambaye hatamla. Wavuvi nje ya duara wanapata wanaotoka. Hili si wazo gumu. Kinachokosekana ni kulifanya kabla ya chombo kuzama, si baada ya ugomvi wa kwanza.

Nalisisitiza hili kwa sababu wazo la kuzamisha linarahisishwa siku hizi. Agosti 2014 serikali ya Kenya iliilipua baharini, mbele ya Rais Uhuru Kenyatta, meli iliyokamatwa na zaidi ya kilo 370 za heroini. Lilikuwa tamko dhidi ya dawa za kulevya, na kama tamko lilisikika; kama namna ya kuweka chuma baharini, mlipuko ni kutawanya taka. Indonesia nayo, tangu mwaka 2014 waziri Susi Pudjiastuti alipoanza, imezamisha boti za uvuvi haramu zaidi ya 500, nyingi za mwanzo kwa baruti. Tanzania ilipitia njia nyingine. Meli Tawariq 1, iliyonaswa mwaka 2009 ikivua bila leseni na ambayo shehena yake ya jodari wananchi waliiita samaki wa Magufuli kwa kuwa ndiye aliyekuwa waziri, ilibaki ikichakaa Dar es Salaam wakati kesi ikipanda na kushuka mahakamani. Vyombo vilivyokamatwa na vilivyozeeka vipo bandari zote za pwani hii, na kila mwenye chombo kuukuu anajua kwamba kukikatakata nchi kavu ni gharama. Kukipeleka baharini na kukiita makao ya samaki ni rahisi mno.

Sheria ya kimataifa imeliona hilo zamani. Mkataba wa London wa mwaka 1972 unaokataza kutupa taka baharini unasema kuweka kitu baharini kwa kusudi jingine si kutupa, maadamu kusudi hilo halipingani na mkataba wenyewe. Mwaka 2009 ukatolewa mwongozo wa miamba ya kutengenezwa ili mlango huo usigeuzwe jalala. Unataka chombo kisafishwe, mahali pachunguzwe, watumiaji wa bahari washirikishwe, na matokeo yafuatiliwe miaka ya mbele. Sharti la mwisho ndilo linalosahauliwa kila mahali: baada ya sherehe ya kuzamisha hakuna anayehesabu samaki.

Hukumu yangu ni kwamba boti moja ndogo ya chuma kwenye mchanga ni jambo jema, nami nitaendelea kumwambia mwenye cheti na masikio mazima aende akaione. Hairudishi mwamba uliokufa, na anayeiuza kwa ahadi hiyo anadanganya. Inachoweza ni kuwapunguzia wazamiaji kukanyaga matumbawe ya asili, kuwapa chewa wachache mahali pa kuzeeka, na kuingiza fedha kijijini ikiwa kijiji kimo kwenye hesabu. Bila makubaliano na wavuvi, haifai hata gharama ya kuikokota.

Kwa hiyo wewe unayepanga kuteremka Diani kaskazi hili, kabla hujalipia boti uliza mambo mawili: samaki wa kwenye chombo kile wamekubaliwa wavuliwe au watazamwe, na BMU ya hapo inapata nini katika ada yako. Wakishindwa kukujibu, tafuta kituo kingine.